Riba ya Brutus

Madiwani watano wa mji wa Salami, kisiwani Kupro, walikufa kwa njaa ndani ya ukumbi wa baraza lao. Mji haukuwa vitani, wala madiwani hawakuwa waasi. Waliouzingira ukumbi walikuwa askari wa farasi wa Kirumi, na mkubwa wao alikuwa mkopeshaji aitwaye Scaptius. Alikuja kudai deni. Aliwafungia wazee wale ili wakubali kulipa kwa masharti yake, na watano kati yao hawakutoka hai.

Tunayajua haya kwa kuwa mtu mmoja aliyaandika katika barua za faragha kwa rafiki yake. Mtu huyo ni Marcus Tullius Cicero, wakili na msemaji aliyevuma kuliko wote mjini Roma, ambaye mwaka 51 KK alipelekwa Kilikia kuwa liwali. Msomaji wa Agano Jipya ameshakutana na majina haya. Tarso ya Kilikia ndiko kwao mtume Paulo, na Salami ndiko Paulo na Barnaba walikoanzia kuhubiri Kupro, karibu miaka mia moja baada ya mambo ninayoyasimulia. Wakati wa Cicero kisiwa hicho kilikuwa chini ya liwali wa Kilikia, na kwa hiyo shauri la deni la Salami lilimwangukia yeye.

Mwishoni mwa mwaka 44 KK, Cicero huyohuyo aliandika kitabu kiitwacho kwa Kilatini De officiis, yaani Juu ya Wajibu. Humo alishikilia kwamba lililo haki na lililo na faida hayawezi kugombana hata siku moja, na kwamba anayeona yanagombana amekosea tu kuihesabu faida yake. Kitabu hicho kililea wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi. Barua za deni la Salami zimesomwa na wachache zaidi. Mimi naona kitabu hakieleweki sawasawa bila barua hizo.

Swali lenyewe lilikuwa limeingia Roma zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo. Mwaka 155 KK mji wa Athene ulituma wajumbe watatu kwenda kuomba wapunguziwe faini ya talanta 500, waliyotozwa kwa kuupora mji jirani wa Oropo. Wote watatu walikuwa wanafalsafa. Mmoja alikuwa Diogenes wa Babeli, wa madhehebu ya Stoa, ambaye tutakutana naye tena. Mwingine alikuwa Carneades, mkuu wa shule iliyoanzishwa na Plato. Shauri lao likiwa bado linasubiri, vijana wa Roma walimiminika kuwasikiliza. Carneades alitoa hotuba mbili kwa siku mbili. Siku ya kwanza aliitetea haki kwa ufasaha uliowateka wasikilizaji. Siku ya pili alisimama akaibomoa.

Hoja za siku ya pili zilichoma kwa sababu ziliwahusu waliokuwa wakisikiliza. Kama Warumi wanataka kuwa watu wa haki, alisema, basi na warudishe kila walichowanyang'anya mataifa mengine, kisha warudi wakakae vibandani kama mababu zao. Akaleta pia mfano wa merikebu iliyovunjika. Mtu mwenye nguvu anaelea baharini, anamwona mwenzake dhaifu ameng'ang'ania ubao unaotosha mtu mmoja tu. Hakuna shahidi. Akimsukuma ataishi, asipomsukuma atazama na haki yake. Carneades alisema huyo wa pili ni mwema, lakini ni mpumbavu. Ukiukubali mfano huo, umekubali kwamba haki ni jambo moja na busara ni jingine, na kwamba mtu analazimika kuchagua. Mzee Cato, mlinzi mkali wa desturi za zamani, aliihimiza seneti imalize upesi shauri la Waathene, wanafalsafa wale warudi kwao na vijana wa Roma waendelee kusikiliza sheria na wakubwa wao. Faini ilipunguzwa hadi talanta 100. Wajumbe waliondoka, hoja zao zikabaki.

Cicero alizirudia katika kitabu chake kuhusu dola, De re publica, ambamo msemaji mmoja anazitoa tena hoja za Carneades na mwingine anamjibu kwamba bila haki hakuna dola. Mwaka 51 KK, mwandishi akiwa njiani kwenda Kilikia, kitabu hicho kilikuwa kikisomwa na kusifiwa Roma nzima. Kwa hiyo alifika jimboni akiwa ametoka kuutangazia ulimwengu msimamo wake.

Uliwali hakuutaka. Alibebeshwa na sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla, iliyowatafuta maliwali miongoni mwa wakubwa wa zamani ambao hawakuwahi kutawala jimbo. Aliingia Laodikia tarehe 31 Julai na akakuta kilio. Watu hawawezi kulipa kodi ya kichwa, miji imeshauza mapato yake ya mbele, kila upande ni manung'uniko. Aliyemtangulia, Appius Claudius Pulcher, alikuwa ameliacha jimbo hoi. Hilo halikuwa jambo geni, kwani kwa wakubwa wa Roma jimbo lilikuwa shamba la kuvuna baada ya gharama za uchaguzi. Kupro peke yake kilizoea kulipa talanta 200 ili tu askari wasiletwe kukaa huko wakati wa baridi. Cicero hakuzichukua. Alikataa kujengewa sanamu na mahekalu, akakataa hata posho ambazo sheria ilimruhusu kuzitoza njiani. Anajisifu kwa hayo barua baada ya barua, nami namwachia ajisifu, kwa sababu maliwali walioweza kujisifu hivyo walikuwa wachache mno.

Kabla hajafika Laodikia, akiwa Efeso, alijiwa na wajumbe wa Kupro, wakamweleza habari za Scaptius. Appius alikuwa amempa mkopeshaji huyo cheo cha kijeshi pamoja na vikosi vya farasi, kwa ajili ya kukusanya deni lake. Siku aliyoingia jimboni Cicero aliandika amri kwamba farasi wote waondoke kisiwani. Scaptius alipokuja kuomba cheo chake kiendelee, alijibiwa kwamba liwali huyu ameweka kanuni, hampi cheo mtu yeyote anayefanya biashara ndani ya jimbo.

Nyuma ya Scaptius alikuwapo mtu mkubwa zaidi. Kwanza Cicero alidhani kwamba Scaptius na mwenzake Matinius ni wadai kwa haki yao wenyewe, nao wameletwa kwake kwa barua ya utambulisho tu. Kisha ikaja barua iliyofunua kwamba fedha si zao. Mwenye fedha alikuwa Marcus Junius Brutus.

Wengi wetu tulimjua Brutus kupitia Mwalimu Nyerere, aliyeifasiri tamthilia ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha akaipitia upya ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Humo Brutus ndiye mtu wa heshima kuliko wote, anayemkemea Cassius kwa kula rushwa na kusema kwamba yeye hawezi kujipatia fedha kwa kuwakamua wakulima. Roma halisi nayo ilimwona hivyo. Alikuwa mpwa wa Cato Mdogo, kilele cha uadilifu wa zama zile, na alikuwa msomaji wa falsafa tangu ujana. Cato alipotumwa mwaka 58 KK kuitwaa Kupro na hazina za mfalme wake, Brutus alikwenda naye. Huko alijuana na watu, na huko biashara ikaanza.

Mkopo ulikuwa kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. Sheria ya Roma iliwakataza watu wa majimbo kukopeshwa mjini Roma, lakini mwaka 56 KK seneti, kwa nguvu ya rafiki za Brutus, ilitoa azimio la kuwaruhusu Wasalami peke yao na kuifanya hati yao itambulike mahakamani. Appius, liwali aliyetoa farasi, alikuwa baba mkwe wa Brutus. Waswahili wamesema kukopa harusi, kulipa matanga, na kwa madiwani watano wa Salami matanga yalikuwa matanga kweli.

Cicero alikuwa ametangaza tangu mwanzo kwamba katika jimbo lake riba haitapita asilimia 12 kwa mwaka, ikijumlishwa na deni kila mwaka unapoisha. Akawaita pande zote mbili, akawaamuru Wasalami walipe. Hawakubisha. Walisema hata kwamba watalipa kwa fedha yake yeye liwali, kwa kuwa walizoea kuwapa maliwali zaidi ya hizo, naye hakupokea kitu. Scaptius akamvuta Cicero pembeni. Alimnong'oneza kwamba Wasalami wanadhani wanadaiwa talanta 200, ingawa ukweli ni pungufu kidogo, na akamwomba awasukume wafike huko. Hesabu ikapigwa mbele ya wote. Kwa kanuni ya liwali, deni lilifika talanta 106.

Tofauti ilikuwa talanta 94. Talanta moja ilikuwa drakma 6,000, na kwa kipimo cha Athene drakma moja ilikuwa ujira wa fundi kwa siku moja. Scaptius alikuwa akiuomba mji mmoja wa kisiwani jasho la siku zaidi ya 560,000, juu ya deni lililokwisha kuhesabiwa pamoja na riba yake.

Wasalami walizitoa fedha pale pale. Scaptius alikataa kuzipokea. Basi wakaomba kitu kidogo, waruhusiwe kuziweka hekaluni kama amana, ili riba isimame wakati shauri likisubiri. Waliokuwapo walipiga kelele kwamba hakuna asiye na haya kama mtu huyu asiyeridhika na asilimia 12. Kisha Scaptius akamwomba Cicero aliache jambo lilivyo, bila hukumu.

Cicero akakubali.

Katika barua yake ya Februari mwaka 50 KK kutoka Laodikia hafichi kwamba ombi lile lilikuwa la ufedhuli. Hafichi pia kwamba Wasalami walikuwa na haki. Lakini fedha hazikuwekwa hekaluni, hukumu haikutolewa, na deni liliachwa kwa liwali atakayefuata, ambaye angeweza kuwa mtu wa aina ya Appius. Cicero alijua hivyo.

Kwa nini? Barua zinajibu. Atticus, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye naye alikuwa mtu wa fedha, alimwandikia kwamba hata kama hatarudi na kitu kingine kutoka jimboni isipokuwa mapenzi ya Brutus, hiyo ni faida ya kutosha. Atticus alithubutu hata kuomba farasi hamsini tu warudishwe kwa Scaptius. Cicero alishtuka. Alimjibu kwamba farasi hamsini watafanya yale yale waliyofanya kwanza, na akauliza, akikubali jambo kama hilo, atathubutuje tena kuvigusa vile vitabu vyake kuhusu dola ambavyo Atticus mwenyewe anavisifu. Aliandika kwamba Brutus akimkasirikia atasikitika, lakini atasikitika zaidi kugundua kuwa Brutus si mtu aliyemdhania. Hayo ni maneno ya mtu mwema anayepigana. Alishinda kwenye farasi, alishinda kwenye riba, alishindwa kwenye hukumu. Alifanya yote yaliyoweza kufanywa bila kuuvunja urafiki na Brutus, na palipohitajika kuuvunja, aliishia hapo.

Nimesoma watu wakimtetea kwamba haki hiyo ya nusu ilikuwa nyingi kwa zama zile. Ni kweli. Wengine wamemwita mnafiki, na hilo silikubali, kwa sababu mnafiki asingeyaandika haya yote kwa mkono wake. Kinachoniumiza ni ile amana ya hekaluni. Isingemgharimu Brutus hata senti moja ya haki yake. Ingesimamisha tu riba, na ndiyo maana ilikataliwa.

Cicero aliondoka jimboni Julai mwaka 50 KK. Aliporudisha kwenye hazina ya Roma fedha zilizobaki, sarafu za sesta 1,000,000, wasaidizi wake walinung'unika kwamba zingegawanywa kwao. Yeye mwenyewe aliacha kwa watoza ushuru wa Efeso akiba ya sesta 2,200,000, yote kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo hata liwali msafi kuliko wote alitoka Kilikia akiwa tajiri, na fedha hizo baadaye zikaishia katika vita vya Pompey dhidi ya Caesar.

Vita hivyo vilianza Januari mwaka 49 KK, Caesar alipouvuka mto Rubicon. Sitavisimulia. Cicero alisitasita, akamfuata Pompey, wakashindwa, akasamehewa. Brutus vilevile. Binti mpendwa wa Cicero, Tullia, alifariki mwaka 45 KK, na katika msiba huo Cicero akajitumbukiza kwenye falsafa, akaandika kitabu baada ya kitabu. Tarehe 15 Machi mwaka 44 KK Brutus na wenzake walimuua Caesar ndani ya kikao cha seneti. Cicero hakushirikishwa katika njama, lakini Antony, konsuli wa mwaka huo, alidai kwamba Brutus aliinua jambia lenye damu na kulitaja jina la Cicero.

Miezi iliyofuata, Antony alipoanza kushika madaraka ya Caesar, Cicero aliamua kwenda Ugiriki kumwona mwanawe Marcus, aliyekuwa na miaka 21 na akisoma falsafa Athene. Upepo ulimrudisha pwani karibu na Regio. Hapo akapata habari kwamba bado lipo tumaini Roma, na kwamba watu wanauliza kwa nini amekimbia. Akageuza. Tarehe 2 Septemba alisimama katika seneti akampinga Antony, na kuanzia siku hiyo maisha yake yalikuwa rehani. Mwezi Oktoba alijitenga kwenye mashamba yake, na huko, kati ya Oktoba na Desemba, akamwandikia Marcus kitabu cha wajibu kwa namna ya barua ndefu.

Kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kuhusu lililo haki, ya pili ni kuhusu lililo na faida, ya tatu ni kuhusu mambo hayo mawili yanapoonekana kugongana. Kwa sehemu mbili za mwanzo alikuwa na kiongozi, Panaetius wa Rodo, mwanafalsafa wa Stoa. Panaetius aliahidi kuandika pia sehemu ya tatu, akaishi miaka thelathini baada ya kutoa kitabu chake, na hakuiandika. Cicero alilijua pengo hilo na aliamua kulijaza kwa nguvu zake mwenyewe. Ndiyo sehemu iliyo hai kuliko zote.

Humo kuna Gaius Canius, bwana wa Kirumi aliyekwenda kupumzika Sirakusa na kutaka kununua bustani ya kando ya maji. Mwenye benki mmoja, Pythius, alimkaribisha chakula kwenye bustani yake, na kabla ya hapo akawaita wavuvi wote akawaomba wavue mbele ya nyumba yake siku hiyo. Canius alifika akaona mashua zimejaa na samaki wanamwagwa miguuni mwa mwenyeji. Akaambiwa samaki wote wa Sirakusa wako hapo. Alinunua papo hapo kwa bei aliyotajiwa. Kesho yake hakukuwa na mashua hata moja. Alipomuuliza jirani kama ni sikukuu ya wavuvi, akajibiwa kwamba hapo hapavuliwi kamwe, na kwamba hata wao walishangaa jana. Yeyote aliyewahi kuonyeshwa kiwanja na dalali hahitaji ufafanuzi.

Kuna pia mfanyabiashara wa nafaka. Ameleta shehena kutoka Aleksandria hadi Rodo wakati wa njaa, na njiani ameona meli nyingine nyingi zikija na nafaka. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Hapa anarudi Diogenes wa Babeli, yule mjumbe wa mwaka 155 KK. Yeye alisema muuzaji analazimika kutaja kasoro za bidhaa yake kwa kadiri sheria inavyotaka, si zaidi, na kwamba kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi wake Antipater alimpinga, kwamba umezaliwa ndani ya jamii ya wanadamu na faida yako ni faida yao, utawezaje kuwaficha neema iliyo mlangoni? Cicero alisimama na Antipater. Mimi pia niko upande huo, ila Cicero haonyeshi kwamba mfanyabiashara atapata zaidi akisema kweli. Atapata pungufu. Cicero anasema tu kwamba ile ziada haistahili kuitwa faida, kwa sababu imempokonya jina la mtu mwema. Ni jibu zuri kwa aliyekwisha kuupenda wema. Kwa mwanafunzi wa Carneades halitoshi.

Ipo pia pete ya Gyges, iliyotoka kwa Plato. Mchungaji wa Lidia anaokota pete ya kumfanya asionekane, anaitumia kumwingilia malkia, kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Cicero anamuuliza msomaji bila kumpa njia ya kukwepa: kama hakuna mungu wala mtu atakayejua, ungefanya? Wanaojibu kwamba pete kama hiyo haipo, anasema, wamelikimbia swali.

Na katika sehemu hiyohiyo ya tatu, katikati ya kurasa hizo, kuna maneno kuhusu marafiki. Anaandika kwamba wajibu huvurugika sana katika urafiki. Kumnyima rafiki unachoweza kumpa kwa haki ni kosa, na kumpa kisicho haki ni kosa pia. Lakini mtu mwema hatafanya kwa ajili ya rafiki jambo lililo kinyume cha dola, cha kiapo wala cha uaminifu, hata akiwa hakimu wa rafiki huyo. Akivaa joho la hakimu, analivua la urafiki.

Nikifika hapo siwezi kumfikiria mtu mwingine isipokuwa Scaptius. Deni la Salami ya Kupro halikutajwa mahali popote katika kitabu. Brutus alikuwa hai, alikuwa tegemeo la dola, na mwandishi alikuwa amemtolea kwa jina lake vitabu kadhaa vya falsafa. Huenda Cicero alikuwa akijihukumu kimyakimya, huenda alikuwa amesahau. Barua hazituambii. Lakini kanuni aliyompa mwanawe ndiyo hasa aliyoshindwa kuitimiza akiwa kwenye kiti cha liwali. Wanafalsafa wametuonya mno juu ya pete, yaani juu ya jambo linalofanyika gizani. Liwali wa Kilikia hakujaribiwa gizani. Alijaribiwa mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wakipiga kelele, kwa barua ya mtu anayeheshimika na kwa ushauri wa rafiki anayempenda. Hakuombwa aue mtu. Aliombwa aahirishe.

Karibu na mwisho wa kitabu yupo Regulus, jemadari aliyetekwa na Wakarthago katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Inasimuliwa kwamba alitumwa Roma kwa kiapo kwenda kuomba kubadilishana mateka, akaishauri seneti ikatae, kisha akarudi Karthago kuteswa hadi kufa kwa sababu alikuwa ameapa kurudi. Polybius, mwanahistoria wa vita vya Roma na Karthago, hana habari ya safari hiyo, na huenda ni hadithi. Kwa Cicero ilikuwa kipimo. Akisema kwamba kurudi kwa Regulus kulikuwa na faida, anasema jambo gumu kulimeza, lakini mwaka mmoja baadaye alilimeza yeye mwenyewe. Aliendelea kumshambulia Antony, hotuba zake dhidi yake zikafika kumi na nne. Novemba mwaka 43 KK Antony alipatana na jemadari Lepidus na Octavian, mrithi kijana wa Caesar, wakaandika orodha ya watu wa kuuawa. Plutarch anasimulia kwamba Octavian alimtetea Cicero kwa siku mbili, siku ya tatu akamtoa. Tarehe 7 Desemba askari walimkuta karibu na Formiae akibebwa kwenye machela. Alitoa shingo nje. Kichwa chake na mikono iliyoandika zile hotuba vilitundikwa kwenye jukwaa la wasemaji mjini Roma. Brutus alijiua mwaka uliofuata baada ya kushindwa Filipi. Kijana Marcus alipigana upande wake, akasamehewa, na mwaka 30 KK alikuwa konsuli wa Roma wakati sanamu za Antony zilipoangushwa.

Kitabu kiliendelea na safari yake. Mwaka 1465 kilichapwa Mainz, kikiwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Warumi wa kale kupita kwenye mtambo. Barua kwa Atticus zililala karne nyingi mpaka mshairi Petrarch alipozikuta Verona mwaka 1345. Petrarch aliyempenda mwandishi wa vitabu alihuzunika kumkuta mwandishi wa barua, akamwandikia marehemu waraka wa kumlaumu. Mwaka 1776 Adam Smith, katika kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa, alitaja kwa sentensi moja kwamba Brutus mwadilifu alikopesha Kupro kwa asilimia 48. Mwanafalsafa Kant alichapisha msingi wa maadili yake mwaka 1785, miaka miwili baada ya tafsiri mpya ya Kijerumani ya De officiis, akautenga kabisa wajibu na faida. Henry Sidgwick wa Cambridge, ambaye mwaka 1869 aliacha nafasi yake chuoni kwa sababu hakuweza tena kukiri imani aliyotakiwa kuikiri, alikubali mwaka 1874 kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa wajibu na faida ya mtu huenda pamoja siku zote. Namheshimu kwa hilo. Alisema wazi kile ambacho Cicero alikijua akiwa Laodikia na hakukiandika akiwa mashambani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wanaofundisha maadili katika vyuo vyetu, hasa wale wanaowaandaa mahakimu, wahasibu na maofisa wa serikali: mkiwapa wanafunzi pete ya Gyges, wapeni pia barua ya Laodikia ya Februari mwaka 50 KK, na waulizeni wangeamua nini Wasalami walipoomba fedha zao ziwekwe hekaluni.